Mzimu wa Mabuti ya Mpira

Kambi ya mgodi, Geita
Jumanne, baada ya kazi

Mke wangu Mama Shija,

U mzima? Shija mzima? Yule mdogo meno yameshatoka, au bado anakunyima usingizi? Mimi mwili haujambo. Kikohozi cha vumbi kimepungua tangu waniondoe kwenye kinu cha mawe wakanipa kazi ya kusukuma matoroli, na chakula tunapata: ugali na maharage, kesho yake maharage na ugali. Ukinitazama hutaona jeraha. Lakini nina hasira tangu Jumapili, na nimeshindwa hata kujua nimkasirikie nani, maana nusu ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe.

Nakuomba barua hii uisome peke yako kwanza, kabla hujampelekea mama yako. Nimemwaibisha baba yako mdogo mbele za watu. Nimemwangusha chali mavumbini, mimi mkwe wake, kwa mikono yangu hii. Pale uwanjani walikuwako watu wa Kishapu, kwa hiyo huenda habari imekwisha kufika Mhunze na kuongezwa chumvi njiani. Nataka uisikie kwangu jinsi ilivyokuwa, kwa sababu usiponisemea wewe sijui nitaingiaje tena katika ua wa kwenu. Jina lake silitaji hata kwenye karatasi. Heshima hiyo bado ninayo, ingawa sasa hivi utaona kama nakutania.

Nianze mwanzo. Katika barua yako uliniuliza kampuni ipi ya mieleka ni bora, ya Sajini au ya Feruzi, kwa kuwa zote mbili zilitaka nizunguke nazo kiangazi hiki, na zote zilisema zitafika Mhunze. Nilifurahi, nikijua nitakuona bila kumpigia magoti msimamizi wa kambi anipe ruhusa. Nikakuambia nitazionja zote mwezi mzima, Jumapili mbili huku na Jumapili mbili kule, ndipo nichague. Haya, nimezionja, na mdomo wangu bado mchungu.

Sajini ni askari mzee wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyefika Burma. Wakiwa njiani, kambini huko Bara Hindi, aliona wanaume wakipigana mieleka kwa ujira na watu wakilipa kiingilio kuwatazama, naye akarudi na wazo hilo pamoja na filimbi. Mieleka yake ni ya kweli kabisa. Hakuna kupigana ngumi, hakuna kuvuta nywele, na hujashinda mpaka mabega yote mawili ya mwenzako yamegusa ardhi huku Sajini amelala kifudifudi akichungulia kama yamegusa sawasawa. Nilipomwona mara ya kwanza nilisema, huyu ndiye mtu wangu. Mimi nguvu ninazo, ujanja wa maneno sina, unanijua.

Jumapili ya kwanza nilipewa mhunzi mmoja wa Ukerewe, mtu mfupi mwenye shingo nene. Tulishikana, Mama Shija, tukashikana, tukashikana. Mimi nasukuma, yeye anasukuma. Jasho likatuingia machoni. Jua lilipotuhurumia na kuanza kushuka, bado tulikuwa pale pale, kama milango miwili iliyoegemezana. Sajini alikuwa anaruka kwa furaha. "Hiyo ndiyo mieleka! Nguvu kwa nguvu!" Nikageuza jicho kuwatazama watu. Walikuwa wanamenya karanga na kuongea habari za bei ya pamba. Mama mmoja alikuwa ametupa mgongo kabisa, anamsuka mwenzake nywele.

Jumapili ya pili ilinikera zaidi. Mhunzi yule yule, lakini safari hii nilimwahi, nikamnyanyua, nikambwaga vizuri mabega yote mawili. Watu wachache waliokuwa wanatazama wakapiga kelele. Sajini akapuliza filimbi, akaja na fimbo yake, akaonyesha mstari wa majivu aliouchora kuzunguka pambano. Kisigino changu kilikuwa kimeukanyaga. "Batili," akasema. Nikamwambia, "Sajini, mtu huyu amelala chini, unamwona." Akasema, "Sheria haimtazami aliyelala, inatazama mstari." Nilirudi kambini bila kula. Nilikuwa nimeshinda, na hakuna mtu hata mmoja duniani aliyekuwa na habari hiyo ila mimi na mhunzi.

Basi nikahamia kwa Feruzi. Huyu ni Mnyamwezi wa Tabora aliyelowea Kahama, pale Nyasubi, na kampuni yake yote inaishi ndani ya lori. Ana gramafoni, ana mpiga tarumbeta, ana mdomo. Kwake mtu hapigani kwa jina lake. Yuko Radi, yuko Kisu cha Tabora, na mimi akaniita Dume la Mhunze, akanifunga kengele ya ng'ombe shingoni. Usicheke. Kila nikigeuka inalia, na watoto wananifuata wakiniita kwa mluzi kama wanavyoita mifugo. Nani ataanguka na nani atasimama hupangwa nyuma ya lori asubuhi, Feruzi akichora mchangani kwa kijiti. Nilimuuliza, "Sasa nguvu zangu ni za nini?" Akasema, "Za kumnyanyua mwenzio bila kumuumiza, baba. Nguvu za kuumiza hata punda anazo."

Jumapili ya tatu nikaangushwa na Radi. Radi ni fundi cherehani. Miguu yake ni myembamba, ukimwona utasema mtu huyu anahitaji uji. Aliniparamia, nikazunguka mara mbili kama nilivyofundishwa, kengele ikalia, nikaanguka. Uwanja ukalipuka! Watu wakarusha kofia. Yule mama msusi wa nywele alikuwa amesimama juu ya debe anapiga vigelegele. Kesho yake kazini, kila nikipita na toroli, wananiita: "Dume, angalia, upepo huo!" "Dume, ameshapita kuku hapa, usije ukaanguka!" Nilitabasamu kwa meno, lakini ndani nilikuwa nachemka. Watu ambao hawakunitazama nilipomwangusha mhunzi kwa haki, leo wote wanalijua jina langu kwa sababu ya uongo.

Na pale kwa Feruzi kulikuwa na mmoja aliyenikera kuliko wote. Walimwita Mzimu wa Shimoni. Alivaa mfuko wa unga kichwani uliotobolewa matundu mawili ya macho, mwili wote umepakwa majivu, na miguuni mabuti ya mpira ya wachimbaji, yale yanayofika magotini. Hakusema neno. Sisi tukila huku, yeye alikula upande wa pili wa lori. Nikikaribia anaondoka. Nikamwambia Feruzi, "Wengine wote tunadanganya uso wazi. Huyu mwenzetu anaficha nini?" Akanijibu, "Wewe piga kengele yako. Mzimu hana uso." Nikaona, hapa ndipo uongo wa kampuni hii ulipofikia kilele. Mtu mzima, mwanaume, anaogopa kuonekana akifanya kazi yake.

Sasa sikia ya Jumapili iliyopita. Uwanja wa kambi ni mmoja, na kampuni zote mbili ziliutaka. Msimamizi hakutaka ugomvi, na wazee wa Kisukuma waliopo kambini wakasema mbona hili ni jambo jepesi, wapambane kama kwenye mbina. Unajua mbina zetu: ngoma hii inapiga huku, ile inapiga kule, siku moja, saa moja, na aliyeshinda ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Hakuna mwamuzi. Wanaamua watazamaji kwa miguu yao. Sajini alipinga kwamba mieleka si ngoma, ina sheria zake. Wakamwambia awaeleze watu sheria hizo, wakipenda watabaki.

Tukaanza. Mwanzoni watu waligawanyika sawa. Halafu tarumbeta ya Feruzi ikalia, wakaanza kuvuja kutoka upande wa Sajini, wawili, watatu, wanakuja wakijifanya wanapita tu. Lakini kule mhunzi naye alikuwa amepata mpinzani wa maana, mchimbaji kutoka Bukoba, wakawa wanaburuzana vizuri, na baadhi ya watu wakarudi. Umati ukawa unakwenda na kurudi kama ng'ombe wasiojua maji yako wapi. Feruzi akatokwa jasho. Akaja kwetu akasema, "Mzimu na Dume, ingieni. Dume, ukipuliziwa majivu usoni, unalegea na kufa. Ufe vizuri."

Nikaingia na kengele yangu. Mzimu akanijia. Nataka nikuambie ukweli wote, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo. Alinishika kwenye kamba ya kiunoni tu, kwa ncha za vidole. Hakunigusa kifua, hakunigusa bega. Nikimsogelea, anarudi nyuma. Nikimtazama, anageuza kichwa pembeni. Nikadhani ananidharau. Nikasema moyoni, hata kushikwa kama mwanaume sistahili, na sasa nakwenda kufa kwa majivu ya jikoni, kesho nisukume toroli huku nikiitiwa mluzi. Kule upande wa pili nikasikia filimbi ya Sajini. Damu ikanipanda kichwani.

Alipoinua mkono wa majivu nikaupiga. Nikamzungusha, nikamkumbatia kiunoni, nikamnyanyua na mabuti yake, nikambwaga. Mabega yote mawili, Mama Shija, na mstari sikuukanyaga. Na haikunitosha. Nikapiga goti nikaung'oa ule mfuko wa unga, nikaunyanyua juu, ili watu waone kwamba hakuna mzimu wala nini.

Hawakuwa wanautazama mfuko. Walikuwa wanamtazama aliyelala. Mama mmoja wa Kishapu anayeuza togwa hapa kambini akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yuu! Si baba mkwe wake huyo! Nkwabi, umefanya nini!"

Sisi wote tulijua baba yako mdogo yuko Nyasubi, anachuuza chumvi sokoni. Ni rika langu, tofauti yetu labda ni misimu miwili ya mavuno, lakini amezaliwa tumbo moja na baba yako, na kwangu yeye ni baba mkwe kama baba yako alivyo. Siku ya mahari aliketi pale mlangoni pa mama yako, nami nikatazama chini kama inavyopasa. Tangu siku ile sijawahi kumtazama usoni. Njiani nikimwona kwa mbali naingia vichakani apite. Ninachokijua kwake ni miguu: ile miguu mipana, na kidole gumba cha kushoto kilichokatwa na jembe. Jumapili ndiyo mara ya kwanza nimeuona uso wake, na ulikuwa umejaa majivu, macho ameyafumba. Hakuyafumbua. Alinipa nafasi niondoke.

Nikaanguka magoti, nikageuka, nikajifunika uso kwa mikono. Kengele ikalia. Na hapo, Mama Shija, umati mzima ukaangua kelele ambazo sijawahi kusikia. Wakatoka upande wa Sajini wote, wakamwacha mhunzi amening'inia begani kwa yule wa Bukoba na hakuna anayemtazama. Wakatukimbilia, wanacheka, wanalia, wanapiga makofi. Walidhani imepangwa! Walidhani Feruzi ametunga kisa kipya cha mkwe na mkwe. Nikapita katikati yao nakimbia nimefunika uso, nao wananipigapiga mgongoni, "Dume, leo umeweza!" Mwezi mzima nimewatafutia watu hawa kitu cha kweli, wakala karanga. Siku wamekipata wamekipigia makofi kama uongo uliotiwa nakshi.

Feruzi alinifuata mpaka kwenye mihogo nilikojificha. Alikuwa anang'aa. "Tumeshinda! Kila Jumapili tutafanya hivi hivi. Kahama, Shinyanga, Mhunze. Unamng'oa mfuko, unalia, unakimbia."

Nikamwambia, "Bwana Feruzi, yule ni baba mkwe wangu."

"Najua. Ndiyo utamu wenyewe."

Nilimwita jina ambalo sitaliandika, nikaivua kengele yake shingoni mwangu nikamtupia. Hakukasirika hata kidogo. Aliiokota, akaifuta vumbi, akasema nikitulia nimtafute. Hilo ndilo linaloniudhi kwa mtu huyu, huwezi kumtukana akatukanika.

Mimi mwenyewe singeweza kwenda kusimama mbele ya baba yako mdogo. Nikamtuma Mathayo, yule Mzinza ninayekaa naye chumba kimoja. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikaa kitandani akavua viatu kwanza, polepole, mpaka nikataka kumpiga.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta. Anafunga mzigo wake."

"Ana hasira?"

"Hana. Afadhali angekuwa nazo."

"Amesemaje, Mathayo?"

Nakuandikia kama alivyonipa. Baba yako mdogo amesema: "Mwambie mkwe wangu chumvi ilinishinda, nikaingia kwa Feruzi tangu masika, nikawa napigana uso wazi. Feruzi aliponiambia amempata Nkwabi wa Mhunze, nikasema yule ameoa kwetu, siwezi kushikana naye. Akasema basi acha kazi. Nikamwambia, nishonee kitu cha kufunika uso, asinione, na mimi niwe sijamwona. Na nitafutie mabuti marefu. Yule ana adabu, hajawahi kunitazama juu ya magoti. Atanijua kwa miguu."

Mathayo akasukuma viatu chini ya kitanda. Nikamuuliza kama ni hayo tu. Akasema, "Ameongeza kwamba neno lililobaki atamwambia mwanawe, nyumbani." Mwanawe ni wewe.

Tangu hapo sijalala vizuri. Ule mfuko ndio niliouita kilele cha uongo. Kumbe pale uwanjani, kati ya filimbi na tarumbeta, ndiyo ilikuwa heshima pekee, na aliishonesha kwa ajili yangu. Alinishika kwa ncha za vidole kwa ajili yangu. Mimi nikaona dharau. Naona aibu, mke wangu. Naona aibu mpaka kazini natazama reli tu.

Kwa hiyo umeniuliza kampuni ipi ni bora. Ya Sajini ina haki, na haki yake inachosha mpaka mwenyewe aliyeipata anasinzia. Ya Feruzi ina raha, na hakuna kitu Feruzi hatakiuza, hata mama yake akianguka jikoni atatafuta tarumbeta. Sajini amenitumia neno kwamba nirudi kwake, eti mweleka wa Jumapili ulikuwa safi na mstari sikuugusa. Huyo ndiye mtu pekee aliyeona kuwa ulikuwa wa kweli, na alichokiona ni mstari! Sirudi kwa yeyote. Nitasukuma toroli langu mpaka mkataba uishe, halafu nitakuja nyumbani kulima kama watu.

Lakini kuja kwenyewe ndiko kugumu. Baba yako mdogo ameondoka jana asubuhi kwa lori la pamba, atakuwa kwenu kabla ya mwisho wa wiki. Najua mkwe aliyefanya nililofanya huletwa na wazee, na kuna mambo ya kusafisha jambo hili ambayo baba yangu atayajua. Mpelekee habari, mwambie mimi niko tayari kwa lolote atakalosema. Ila wazee huanza baadaye. Wewe ndiye mwana, nawe unaweza kuketi karibu naye na kumtazama usoni. Mwambie sikumjua. Mwambie nilitazama miguu, nikaona mabuti.

Mpe mama yako shikamoo yangu, kwa mbali, kama siku zote. Baba yangu mpe shikamoo, na mama yangu mwambie lile blanketi limenifaa sana kwenye baridi ya alfajiri. Kaka yangu mkubwa asimcheke mtu, yeye mwenyewe aliwahi kukaa kwenye kigoda cha mama mkwe wake, tunakumbuka. Dada yako aliyeolewa Shinyanga ukimwandikia, msalimie. Shija mwambie baba hapigani tena, na aache kuwaringia wenzake.

Pamoja na barua hii, mwenye kuileta atakupa kifurushi kidogo. Ni ule mfuko wa unga. Nilikimbia nao mkononi, sikujua mpaka nilipofika kwenye mihogo. Nimeufua mara mbili, majivu yametoka, na pale nilipouchana nimepashona mwenyewe, usiangalie sana ule uzi. Mrudishie kwa mikono yako. Akiupokea, niandikie siku hiyo hiyo. Akikataa, usimlazimishe, ukunje uuweke kwenye sanduku letu. Nitauvaa mimi siku nikija kwenu.

Mumeo akupendaye,
Baba Shija